Gramu Arobaini na Moja Nukta Tatu

Risala ya wafanyakazi wa Chumba cha Mizani na Fuwele kwa mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa Kituo, siku ya kukagua maandalizi ya kufungua kigunduzi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Wakuu wa idara mlioongozana naye,
Wafanyakazi wenzetu wa ghorofa zote,
Na wewe fundi wa umeme uliyetufungia kipaza sauti hiki na kutuhakikishia kwamba leo hakitapiga mluzi,

Tunawasalimu nyote kwa heshima.

UKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu chumbani kwetu. Kutoka ofisini kwako hadi hapa ni lifti moja, korido mbili na milango mitatu, lakini safari hiyo imewashinda wakubwa wengi. Wageni huishia ghorofa ya juu, wanakooneshwa picha za rangi na kupewa kalenda. Wewe umeshuka. Umevaa soksi za karatasi juu ya viatu, umevua saa na pete bila kununa, na tulipokuomba kalamu yako ukaitoa mfukoni ukacheka.

Kalamu hiyo ina uzito wa gramu ishirini na nane kamili. Imepimwa, imesomwa na watu wawili, na iko salama kwenye bahasha. Usidhani tumekudharau. Humu ndani hata daktari aliyekuja kumtibu mwenzetu aliyezimia alipimwa mkasi wake kwanza, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyefumbua jicho akauliza kama tumepima.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kilianza miaka kumi na tisa iliyopita kikiwa stoo ya ngazi na makopo ya rangi. Walikuwa watu wanne, meza moja, na mizani ya jikoni aliyoileta fundi wa kwanza wa fuwele kutoka nyumbani kwake. Mumewe aliidai mizani hiyo kila mwisho wa juma hadi mama huyo alipostaafu, na hatukuirudisha. Iko pale juu ya kabati. Haifanyi kazi tena, ila hakuna anayethubutu kuitupa.

Kazi yetu ni rahisi kuitaja na ngumu kuifanya. Chini ya sakafu hii kimelala kigunduzi chetu, pipa lenye urefu wa nyumba ya ghorofa tano. Katikati yake protoni zinazotoka pande mbili hugongana, na kila mgongano hurusha vipande vya kila aina. Katika vipande hivyo, viwili ndivyo riziki yetu: elektroni na fotoni. Elektroni ina chaji. Fotoni ni punje ya mwanga, haina chaji yoyote. Vyote viwili vikifika kwenye fuwele zetu huishia humo, vinavunjikavunjika kuwa mvua ya vichembe, na fuwele inatoa mwanga. Tunaupima mwanga huo na kujua mgeni amekuja na nishati kiasi gani.

Tatizo ni kwamba mbele ya fuwele wageni hawa wawili hubisha hodi kwa namna moja. Hatuwezi kuwatofautisha mlangoni. Tunawatofautisha kwa njia waliyopita, maana kabla ya fuwele kuna tabaka za vihisi vyembamba, na elektroni huacha nyayo humo, lakini fotoni hupita kimya bila alama.

Sasa, katika njia hiyo hiyo kuna mabomba ya kupozea, waya, skrubu na gundi. Fotoni ikikutana na chuma huweza kugeuka ikawa elektroni na pacha wake wa chaji chanya kabla haijatufikia. Elektroni nayo ikipita kwenye chuma hupoteza sehemu ya nishati yake njiani. Kwa hiyo asiyejua kuna gramu ngapi njiani hajui anachopima. Ndiyo maana kila kitu kinachoingia kwenye kigunduzi lazima kipite kwanza kwenye mizani yetu.

Bibi wa mmoja wetu aliwahi kumhoji mjukuu wake juu ya ajira hii.

"Kazi yako hasa ni nini?"

"Napima mwanga, bibi."

"Kwa kibaba au kwa mkono?"

"Kwa fuwele."

"Haya. Na mkishaupima mnaupeleka wapi?"

Mjukuu alirudi kazini na swali hilo, na mpaka leo tunalijadili wakati wa chai.

Mheshimiwa, chumba hiki kina desturi moja inayokishikilia kuliko kuta zake. Mizani husomwa na wawili. Wa kwanza anasoma kwa sauti. Wa pili anaangalia kwa macho yake mwenyewe, hamwamini mwenzake hata kama ni ndugu yake wa damu, kisha anarudia namba kwa sauti na kuiandika daftarini. Ukurasa ukijaa, wote wawili wanasaini. Karatasi yenye sahihi moja haitoki humu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na jicho moja halisomi mizani.

Aliyetuletea desturi hii ni fundi wa mabomba ya kupozea aliyejiunga nasi mwaka wa pili. Tunamwita Nusu Gramu. Jina alilipata asubuhi aliposimamisha kazi ya ghorofa nzima kwa sababu ya stika moja iliyobandikwa kwenye bomba bila kupimwa. Mhandisi mkuu wa wakati huo alishuka kwa hasira.

"Watu arobaini wamekaa kwa ajili ya stika?"

"Stika nayo ni kitu," akajibu bila kuinua kichwa kwenye mizani. "Fotoni haijui kama hiyo ni stika."

Ilikuwa nusu gramu. Iliandikwa, na watu arobaini wakarudi kazini.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, kujisifu si tabia yetu, lakini leo tumepewa kipaza sauti.

Fuwele elfu kumi na mbili zimepita katika mikono unayoiona mbele yako. Ni angavu kama maji na nzito kama chuma, na anayeishika mara ya kwanza hushtuka mkono unapozama. Kila moja tumeipima, tumeiosha, tumeiangazia, tumeipa namba. Kwa miaka kumi na tisa tumevunja tatu tu. Waliozivunja tunawajua. Mmoja amekaa safu ya mbele amevaa shati la bluu, na anajitetea kwamba ilikuwa wiki ya harusi yake.

Fuwele hizi hazipendi joto. Zikipata joto kwa digrii moja, mwanga wake hupungua kwa asilimia mbili, na hesabu yote inaharibika. Tumetunza ubaridi wake usiyumbe hata kwa sehemu moja ya kumi ya digrii tangu kigunduzi kifungwe. Tena fuwele huchoka. Migongano ikizidi, hufifia kama macho ya mtu aliyekesha, na ikipumzika hurudi. Kwa hiyo kila baada ya dakika chache tunazimulika kwa taa ambayo nguvu yake tunaijua, ili tujue leo kila moja inaona kwa kiasi gani. Hesabu ya kila fuwele tunayo, kama mwalimu mwenye orodha ya darasa la watoto elfu kumi na mbili.

Na tunajipima pia. Kuna chembe moja nzito ambayo mara nyingine huvunjika ikatoa elektroni na pacha wake wa chaji chanya. Uzito wa chembe hiyo unajulikana dunia nzima. Sisi tunaitumia kama jiwe la mizani. Tukijumlisha nishati za wale wawili na jiwe likatoka sawa, tunalala. Leo tunasimama mbele yako tukisema kwamba tunapima nishati ya elektroni na makosa yetu hayafiki moja katika elfu. Tunasema hivyo bila majivuno. Basi, tuseme kweli, kwa majivuno kidogo.

Lakini fahari yetu kubwa kuliko zote ilizaliwa na kosa, na tunaomba tuieleze.

Miezi kumi na mitano iliyopita jiwe letu lilitoka pungufu katika sekta ya kumi na moja, kimoja cha vipande ambavyo pipa letu limegawanywa. Sekta zingine zote zilikuwa sawa, hii moja ilipunja kama muuza sukari. Tukakagua joto, sawa. Tukakagua taa, sawa. Fuwele, sawa. Tena katika sekta hiyo hiyo fotoni nyingi mno zilikuwa zinafika zimeshageuka, zimevaa nguo za elektroni. Ilikuwa wazi kwamba kuna kitu njiani, na daftari letu lilisema hakuna.

Mwenzetu tunayemwita Mchora Ramani alikaa wiki tatu akikusanya kila mahali fotoni zilipogeukia. Fotoni moja inapogeuka huacha nukta. Ukiwa na nukta milioni kadhaa, vyuma vyote vya ndani hujichora vyenyewe. Alituita, akatuonesha ukutani. Mabomba yalionekana, vishikizo vilionekana, na kando ya bomba la sekta ya kumi na moja ilionekana alama ndogo yenye umbo la ndoano.

"Hii ni nini?" akauliza.

Mhandisi wa michoro akafungua michoro yake yote. "Hapo hakuna kitu."

"Fotoni zinasema kipo."

"Kikubwa kiasi gani?"

"Kama ni shaba," akasema Mchora Ramani, "ni kati ya gramu thelathini na nane na arobaini na nne."

Nusu Gramu, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, alikwenda kwenye sanduku lake la vifaa, akachakura, akarudi na kibano cha shaba chenye umbo la ndoano, urefu wa kidole cha mwisho. Akakiweka kwenye sahani ya mizani. Namba zilikuwa bado zinacheza alipotamka, "Arobaini na moja nukta tatu." Zikatulia hapo hapo.

"Huyu ni pacha wake," akasema. "Vilikatwa kutoka bamba moja. Mwenzake yuko ndani. Bomba lilikuwa linatetemeka, nilikifunga mimi siku ya mwisho, na kwenye daftari hakimo. Kosa ni langu."

Mheshimiwa, fikiria jambo hilo. Kigunduzi kina uzito wa maelfu ya tani. Kilikuwa kimefungwa miaka miwili na nusu, hakuna mkono unaoweza kuingia. Na sisi, tukiwa tumekaa kwenye viti hivi vibovu, kwa mwanga peke yake tulimwona mdogo huyo gizani, tukajua umbo lake, tukajua uzito wake tukakosea kwa gramu chache tu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tumekitafuta nguoni tukakipata bila kuvua nguo. Tulipokiingiza kwenye hesabu, sekta ya kumi na moja ikanyooka, jiwe likatoka sawa, na vipimo vyote vya miaka miwili na nusu vikasahihishwa, hakuna kilichotupwa.

Tunataka ijulikane kwamba ramani ilionesha mahali na ilikisia uzito, lakini aliyetuambia ni kitu gani ni mtu. Angenyamaza, tungebishana mpaka leo.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, penye mafanikio hapakosi kero.

Kwanza, mizani yetu kubwa haina kifuniko cha upepo. Kila mlango unapofunguliwa namba hucheza, na imetubidi tuandike bango la kuwaomba watu wasipige chafya. Bango halijasaidia.

Pili, kiyoyozi kinanguruma hivi kwamba msomaji wa kwanza hulazimika kupaza sauti kama mnadi. Majirani zetu wa chumba cha waya wanajua uzito wa kila skrubu yetu bila kutaka.

Tatu, viti. Viti hatutavieleza, maana umekaa kwenye kimoja.

Changamoto ya nne haikuwemo katika rasimu tuliyoileta ofisini kwako wiki iliyopita. Imeongezwa juzi, baada ya kikao cha chumba kizima. Ninaomba ruhusa ya wenzangu, ambao wameshanipa, niieleze kwa kinywa changu, kwa sababu inanihusu mimi ninayesoma.

Kibano kilipogunduliwa, Nusu Gramu alihojiwa na kamati ya nidhamu ya Kituo. Aliulizwa, "Ulikipima?" Akajibu, "Sikukipima." Kwa jibu hilo alihesabiwa kuwa ameingiza ndani ya kigunduzi kitu kisichopimwa, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote tuliyonayo. Barua ya kumhamisha ilitoka mwezi uliofuata ikiwa na sahihi yako. Hatukulaumu. Ulisaini yale uliyowekewa mezani, na yaliyowekwa mezani hayakuwa kamili.

Mheshimiwa, mtu hawezi kutaja uzito hadi nukta ya mwisho kabla mizani haijatulia, isipokuwa kama aliwahi kuupima. Sisi sote tuliokuwa chumbani siku ile tulilisikia hilo. Alikipima. Na aliporudiwa ile namba siku aliyokipima, aliyeirudia ni mimi.

Ilikuwa saa tisa alasiri, siku ya kufunga kigunduzi. Alikuja na vibano viwili, akaweka kimoja kwenye sahani, akasoma, "Arobaini na moja nukta tatu." Nikaangalia mwenyewe, nikarudia. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Simu ya ukutani ikalia, ikawa ni ya kwake: binti yake amepelekwa hospitali kujifungua, wiki tano kabla ya wakati. Alikwenda kwanza kukifunga kibano, kwa kuwa bomba halikuweza kungoja, ndipo akavua glavu. Sote tulimsindikiza mpaka lango kuu tukimwambia ampe mtoto jina la bomba. Niliporudi, wafungaji walikuwa wamesimama mlangoni wakiuliza kama daftari liko tayari. Yeye alikuwa amesaini chini ya ukurasa tangu asubuhi ili kuokoa muda, na hapo alivunja desturi yake mwenyewe. Nikaona sahihi yake, nikaona ukurasa umependeza, nikasaini. Mstari wa kibano sikuuandika. Nikausahau kabisa, mpaka siku alipoitamka namba ile mbele ya ramani.

Nilimfuata koridoni.

"Kaka, ulikipima. Mimi ndiye niliyeacha kuandika."

"Najua."

"Nakwenda kuwaambia kamati."

"Utawaambia nini? Mimi nimesaini ukurasa ambao haujajaa. Hilo peke yake linanitosha."

"Nusu ni yako, nusu ni yangu."

"Mdogo wangu, mimi nimebakiza miaka miwili hapa. Wewe una ishirini. Wakituondoa wote wawili nani atasoma mizani?" Akanipiga bega. "Nyamaza, urudi kazini."

Nikanyamaza. Ningeona aibu kudai kwamba nilinyamaza kwa sababu nilimtii mkubwa wangu. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Sikujua kwamba angewaambia hakukipima, kwamba angebeba hata sehemu ambayo haikuwepo ili wasiulize nani alikuwa msomaji wa pili. Nilipojua, barua ilikuwa imeshatoka, nikazidi kuogopa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeyaficha miezi kumi na mitano. Juzi niliwaambia wenzangu. Nilitazamia wangenikasirikia, na baadhi walikasirika. Kisha wakasema jambo hili lisomwe leo hivi hivi, kwa jina la chumba.

Narudi kwenye sauti ya wengi.

MAOMBI

Mheshimiwa, tunaomba kifuniko cha mizani. Tunaomba kiyoyozi kinachonong'ona. Viti tunakuachia wewe na mgongo wako.

Ombi la mwisho ndilo lililotufanya tukualike. Wiki tatu kutoka leo kigunduzi kitafunguliwa kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na kitakaa wazi siku arobaini tu. Kibano kitatolewa, kiwekwe chepesi kisichozuia fotoni. Mahali pale ni nyuma ya mabomba sita, panafikiwa kwa mkono wa kushoto, kwa kupapasa. Mkono unaopajua ni mmoja. Tunaomba mwenye mkono huo arudi chumbani kabla ya siku hiyo, na barua yake isomwe upya pamoja na maelezo haya.

Hatuombi asamehewe kila kitu. Alisaini kabla ya wakati, na yeye ndiye wa kwanza atakayekukumbusha. Tunaomba abebe lake tu. Na lile lingine, kama lina barua yake, barua hiyo iandikwe kwa msomaji wa pili, ambaye anajulikana na hajajificha tena.

Ule mstari wa daftari bado uko wazi. Tungeweza kuujaza wakati wowote, namba tunaijua wote. Lakini kwetu haiandikwi namba ya kitu ambacho hakiko kwenye sahani. Tunataka kibano kitoke, kiwekwe kwenye mizani, kisomwe na yule yule, kirudiwe na yule yule, na safari hii kalamu iguse karatasi.

HITIMISHO

Huenda unajiuliza Nusu Gramu yuko wapi. Mheshimiwa, umeshaonana naye. Ndiye aliyekupa kofia ngumu kwenye dirisha la kofia asubuhi. Alikuuliza kama inakubana, akalegeza mkanda kidogo, ukamshukuru. Tulikuwa nyuma yako, tukatazamana.

Dirisha lile lina kofia mia mbili na sita. Tumegundua kwamba amezipima zote na kuandika uzito wake kwa ndani, juu ya paji la uso. Hakuna aliyemtuma. Tunakuomba uivue hiyo uliyoivaa uitazame. Utaona gramu mia tatu na tisini na mbili, na pembeni utaona sahihi ndogo. Ni moja tu, maana dirishani yuko peke yake.

Tulikwambia kwamba karatasi yenye sahihi moja haitoki chumbani humu. Leo tumevunja desturi hiyo, kwa kura ya wote. Risala hii inatoka ikiwa na sahihi ya msomaji wa pili. Nafasi ya msomaji wa kwanza tumeiacha wazi, kwa kuwa mwenye nafasi hiyo haruhusiwi kupita milango mitatu uliyopita wewe. Lakini wewe, ukitoka, lazima urudishe kofia. Utasimama mbele yake. Tunakuomba umpe karatasi hii asaini. Kalamu imo ndani ya bahasha. Ni yako mwenyewe, gramu ishirini na nane, nayo imeandikwa.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, macho makali na usingizi wa mtu ambaye hesabu zake zimetoka sawa. Awajalie hivyo hivyo wote walio nyuma ya milango na nyuma ya madirisha ya Kituo hiki. Tumemaliza, na tunakushukuru kwa kutusikiliza bila kuangalia saa, ingawa saa yako tunayo sisi.

Ni sisi, wafanyakazi wa Chumba cha Mizani na Fuwele, watu kumi na saba, pamoja na mmoja.

Msomaji wa kwanza: ..............................

Msomaji wa pili: (imesainiwa)